Jogoo Chini ya Magodoro

Kule Margilani, mji wa Uzbekistani, alikuwapo mjane, Hosiyat, masikio yameziba hata radi aliisikia kama mtu anakohoa nyumba ya tatu. Sauti moja tu ilimfikia: ya jogoo wake, ambaye akiwika, vifuniko vya mabirika vilicheza mtaa mzima. Tangu mumewe afariki, ni jogoo huyo aliyebaki wa kumwambia kumekucha.

Lakini kanuni za mtaa zilisema: kuku majike watano, ruhusa; jogoo, marufuku. Akionekana anachukuliwa. Na jirani alikwisha kushtaki.

Hosiyat alipomwona Shuhrat, mkaguzi wa mtaa, yuko kwa huyo jirani na daftari lake, alimfunika jogoo kwa kapu, akarundika magodoro matatu juu.

Mkaguzi akaja, akawasifu majike watano, akaketi. Nani amtoe mgeni bila chai? Hosiyat akammiminia tone la heshima, la kukaa chini ya kikombe, ili aombe tena. Naye akaomba tena. Na tena.

Kupitia magodoro hata jogoo hakumfikia masikioni, basi akamkodolea mgeni macho usoni. Unyusi wa Shuhrat ukapanda. Jogoo, au nzi? Hosiyat akauliza kama chai ni chungu. Mgeni akatikisa kichwa, si chungu. Unyusi ukapanda tena. Hosiyat akausahau mkono, akiutazama unyusi tu, na mkono ukamimina, ukamimina, hadi kikombe kikafurika.

Kwao, aliyejaziwa kikombe ameambiwa njia ya kwenda kwake anaijua. Shuhrat alikitazama, akakinywa chote taratibu, kisha akamwinamia sikioni, akapaza sauti.

“Mama, unanifukuza?”

“Mkono wa uzee, mwanangu. Hauna breki.”

“Basi nitaandika nimefukuzwa kabla sijakagua. Jumamosi narudi. Na huyo mtoe, atakosa pumzi. Amewika mara tatu.”

Hosiyat aliyarusha magodoro. Jogoo alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi. Akampa maji. Akanywa, lakini sauti haikutoka, siku ile nzima.

Alfajiri Hosiyat alikuwa macho, kajikunyata kitandani. Dirisha likawa jeupe, kimya. Akajiambia, nimeiua sauti yake kwa mikono yangu. Mara vifuniko vya mabirika vikacheza, naye akalia kama mtoto.

Jumamosi alichemsha maji mapema, akaliweka kando kapu lile lile, hana haja nalo tena, akashusha kabatini bakuli la supu, ndilo kubwa kuliko yote, la kumjazia mkaguzi chai hadi ukingoni. Akaketi, macho langoni.