Vizibo vya Masikio vya Sutarmi

Sutarmi aliingia kwenye duka langu la dawa saa tano asubuhi, harufu ya tempe za kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa, bado iko kwenye nguo zake, akaniuliza kama nina kitu cha kuziba masikio.

"Maji yameingia?" nikamuuliza.

"Ndege ndio walioingia, Wening. Nimeshindwa nao."

Sikuhitaji kuuliza ndege gani. Mtaa wetu mzima ulio nyuma ya msikiti uliwajua. Darmaji, shemeji yake, alikuwa ameipandisha nusu yake ya nyumba ya urithi ghorofa mbili juu, matofali matupu yasiyo na dirisha hata moja, vitundu tu vya kupita mbayuwayu. Hapa pwani ya kaskazini wengi wamejenga hivyo. Ndege wakikubali kuingia, hujenga viota kwa mate yao, na viota hivyo wanunuzi huvigombania kwa ajili ya supu ya matajiri. Ila lazima waitwe, na huitwa kwa spika: mlio wa mbayuwayu uliorekodiwa, tsii-tsii-tsii, tangu adhana ya alfajiri mpaka magharibi, kila siku ya Mungu. Darmaji mwenyewe hakulala pale. Alikuwa na nyumba nyingine karibu na soko, akija asubuhi na jioni kuangalia tu. Waliobaki na spika upande wa pili wa ukuta ni Sutarmi na mumewe, Kaswadi.

Kaswadi nilimjua tangu nikiwa msichana. Miaka ishirini na sita aliendesha lori la chumvi kutoka mabwawani kwetu hadi mji wa Semarang, na alikuwa mtu wa sauti. Akiagiza kahawa kwenye kibanda, watu wa kibanda cha pili walijua anataka sukari kiasi gani. Kiharusi kilimkuta anafunga turubai. Kikachukua upande wa kulia, kikachukua na maneno. Sauti iliyobaki ilikuwa "eh" ndogo, kama ya mtu anayekohoa kwa adabu mbele ya wakwe. Hiyo ndiyo aliyomwitia mkewe. Kiu, eh. Mkojo, eh. Nigeuze, eh.

Usiku Sutarmi alimgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke. Alfajiri anakaanga tempe za kuuza. Usingizi wake wa maana ulikuwa mmoja, baada ya chakula cha mchana, Kaswadi anaposinzia, na huo ndio ndege wa Darmaji waliomnyang'anya.

Nikamtolea vizibo vya sponji, vile vya njano wanavyovaa watu wa viwandani. Nikamwonyesha: unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio kwa juu, unakiingiza, unangoja kivimbe. Akafanya hivyo. Akasimama katikati ya duka ametulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikauona uso wake ukilegea. Kisha akavichomoa vyote viwili haraka kama vimemuunguza.

"Umesema kitu?"

"Nimekuuliza kama vinakubana. Mara mbili."

"Basi havifai. Akiniita je? Mimi nataka kinachozuia ndege, kinachomwacha mume wangu."

"Dada Tarmi, hakuna kizibo kinachochagua."

"Kwani hivyo vingine vya nini?"

Akachagua vya mpira, vyenye ngazi tatu kama vikofia vya uyoga na kamba ya kuvalia shingoni. Baada ya siku tano akarudi navyo mkononi. "Hivi vina akili mbovu," akasema. "Watu vinawazuia, ndege vinawaruhusu." Tukajaribu vya nta, vile vya kukandwa na vidole. Hivyo vilivumilia mchana mmoja. Joto la chumbani kwao lilivilainisha vikamshika nywele za kando ya masikio, hata ikabidi azikate kwa mkasi.

"Nimelala na ndege, nimeamka na mshumaa," akaniambia. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa akingoja dawa ya minyoo akacheka pia bila kujua kwa nini.

Siku moja nilimpelekea poda ya mgonjwa nyumbani, nikamkuta Darmaji anashuka ngazi ya ghorofa yake, nywele zimejaa vumbi. Alipita mlangoni kwa kaka yake kusalimia, kama kawaida yake.

"Dar," Sutarmi akamwambia, "punguza hiyo sauti mchana. Hata saa moja tu nilale."

"Nikipunguza, shemeji, watahamia kwa Haji Mukri. Yule ana spika nane."

"Wamefika wangapi mpaka leo?"

Darmaji akajikuna shingo. "Jozi saba."

"Jozi saba, na huu mwaka wa pili. Mende wameingia jikoni kwangu wengi kuliko hao, na sijawapigia muziki."

Darmaji akacheka, tena kwa moyo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumgombeza. "Shemeji una maneno wewe. Lakini mbona kaka mwenyewe hajawahi kulalamika?"

"Kaka yako hawezi kusema, Dar."

 Nikageuka kumtazama Kaswadi kitandani. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumba. Alikuwa akisema "eh" yake, sijui kwa mara ya ngapi, na hakuna aliyeisikia. Alitaka maji.

Darmaji aliahidi kuzima kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana. Alizima siku nne. Siku ya tano akaona ndege wawili wakizunguka juu ya paa wasiingie, akawasha, na habari ya kuzima ikaishia hapo.

Ndipo Sutarmi akarudi kuchukua vile vya sponji vya kwanza. Alikuwa amebuni njia. Aliposinzia mchana kwenye mkeka kando ya kitanda, alijifunga uzi wa pamba kwenye kifundo cha mkono, na ncha ya pili akaifunga kwenye mkono wa kushoto wa Kaswadi, ule mzima. Akitaka kitu, avute. Walifanya mazoezi mawili matatu, na Kaswadi akaanza kuvuta kwa mchezo tu, mkewe akiwa amesimama na sufuria mkononi.

"Ananiswaga kama ng'ombe," Sutarmi akanihadithia. Alikuwa anatabasamu. Kwa wiki tatu uso wake ulijaa kidogo, na watu sokoni wakamwuliza anakula nini.

Halafu ikaja Jumanne moja. Alilala saa saba, akaamka saa kumi na nusu. Hakuwahi kulala hivyo tangu mumewe apigwe na kiharusi. Uzi ulikuwa bado mkononi mwake, lakini ncha ya pili ilikuwa sakafuni. Kaswadi alikuwa macho. Alikuwa amelowa kuanzia kiunoni hadi magotini, na shuka ilikuwa imeshapoa.

"Kwa nini hukunivuta?" akamuuliza.

Alidhani fundo limejifungua lenyewe. Alipoliokota akakuta uzi umetafunwatafunwa na una mate. Kaswadi alikuwa amelifungua kwa meno. Akauinua ule mkono wake mzima, akauweka shavuni, akafumba macho, kama watu wanavyomwonyesha mtoto ishara ya kulala.

Alipomgeuza kumsafisha aliona kidonda juu ya nyonga, chekundu, ngozi imefunguka. Wekundu ule alikuwa ameuona wiki nzima akashindwa kujua unatoka wapi, maana alikuwa akimgeuza na kumpaka poda vilevile kama siku zote. Sasa akaelewa kuwa leo haikuwa mara ya kwanza. Siku nyingine mumewe alivumilia mkojo nusu saa, siku nyingine saa nzima, na kabla mkewe hajaamka alijirudishia uzi kwenye vidole.

Haya yote alinisimulia amesimama mbele ya kaunta, akiomba dawa ya kidonda. Aliyasema polepole, mpaka mwisho. "Ameniacha nilale, Wening," akasema, akachukua dawa, akaenda. Vile vizibo vya sponji alikuwa ameviacha kwenye kaunta. Nikavitupa.

Kidonda hakikupona. Muuguzi alikuja kukiosha kila baada ya siku moja, kikazidi kuchimbika, homa ikaja, mgonjwa akapelekwa hospitali, akarudishwa. Kaswadi alifariki Ijumaa asubuhi, katika mwezi wa Rajabu, mkewe akiwa amemshika mguu. Muuguzi alituambia vidonda hivyo huwapata wengi wanaolala kitandani muda mrefu, na kwamba Sutarmi alikuwa amemtunza kuliko wengi aliowaona. Sutarmi alimsikiliza, akamshukuru, akaenda kuchemsha maji.

Darmaji alizima spika siku zote saba za dua. Siku ya saba, wageni walipokwisha kuondoka, alikaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, mikono katikati ya magoti. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe.

"Kila nilipopita nilimkuta kimya," akasema. "Nilidhani amelala. Nilikuwa nasema, afadhali, anapumzika."

 Sutarmi alimwekea chai, akaisukuma karibu na mkono wake. Darmaji akainywa yote, akaaga. Kesho yake alfajiri spika zikalia tena, chini kidogo kuliko zamani. Nadhani hakujua afanye nini kingine. Ghorofa lilikuwa limeshasimama.

Mimi ni muuza dawa, na yule mama nilimuuzia vizibo vya aina tatu. Nilimweleza namna ya kuvisokota na kuvikanda. Duka langu liko hatua arobaini kutoka mlangoni kwake, na mchana wateja ni wa kuhesabu. Lakini hata siku moja sikumwambia: nenda kalale chumba changu cha nyuma, mimi nitakaa na Kaswadi. Wazo hilo halikunijia. Lilinijia alipokuwa ameshazikwa.

Sasa anakuja. Sikumwita kwa maneno mengi. Nilitandika mkeka kati ya maboksi ya maji ya dripu na maboksi ya sabuni, nikamwonyesha. Huja saa saba akisha kuuza tempe, hulala ubavu, uso ukutani. Huku nyuma ndege wanasikika kwa mbali sana. Siku nyingine halali, najua kwa pumzi zake, lakini hanyanyuki, na mimi siongei naye. Saa tisa naenda kumgusa bega.