Sufuria ya Mama Zaina

Harufu ya makaa yaliyolowa mvua hunirudisha Kalemie popote nilipo. Si harufu nzuri. Ni ya moshi mzito unaokwama kooni, uliochanganyika na ndagala, wale dagaa wetu, walioanikwa karibu na ziwa na mafuta ya mabehewa. Nimelala katika miji mingi tangu wakati huo, nimevuka hadi Kigoma na kurudi mara nisizozikumbuka, lakini makaa mabichi yakifuka mahali, ninakuwa tena na miaka minane, nimekaa juu ya mzigo wetu pale stesheni, nikisubiri treni ya Kabalo.

Mama alikuwa ameteremka kutoka Pepa pamoja nami na mdogo wangu Furaha, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza. Baba alipata kazi ya kupakia mizigo Kabalo, akatuita tumfuate. Tuliambiwa treni itaondoka baada ya siku mbili. Siku mbili zikawa wiki, na wiki zikafuatana. Familia nyingi zilikuwa zimetandika mikeka chini ya paa la stesheni, na kupika pale kulikatazwa kwa sababu ya mabehewa ya mafuta yaliyosimama karibu. Katazo lenyewe lilikuwa na maana, silibishii. Lakini hakuna aliyetuonyesha mahali pengine pa kupikia, na nje mvua haikukatika. Basi tulitafuna mihogo mibichi na kunywa maji ya ziwa jinsi yalivyochotwa. Maziwa ya mama yakapungua kwa njaa, Furaha naye akapewa maji yaleyale, akaanza kuharisha. Siku ya tatu macho yake yalikuwa yamezama, na alilia bila machozi. Mama alimpakata. Ingawa nilikuwa mtoto, nilijua anachokiogopa, kwa sababu wiki iliyotangulia mtoto wa mkeka wa jirani alikuwa amezikwa.

Ng'ambo ya ua wa minyaa ilikuwepo kambi ya wafanyakazi wa reli. Humo aliishi Mama Zaina, mwanamke mfupi mwenye watoto watano na sufuria mbili. Asubuhi hiyo alimwita mama kutoka upande wake wa ua. "Mama, njoo unipulizie moto huu, macho yangu yameshindwa na moshi." Mama yangu alikuwa na haya nyingi, angeitwa kupewa, asingekwenda. Aliitwa kusaidia, akaenda. Maji yalipochemka, Mama Zaina alidai amechemsha mengi kupita kiasi, akamimina katika kibuyu chetu pamoja na sukari na chumvi kidogo. Mchana akapika uji, nao ukawa mwingi kupita kiasi. Kesho yake akakosea kipimo tena, na keshokutwa tena, mpaka stesheni nzima ikawa inaishi kwa makosa yake.

Mkuu wa kambi hakupendezwa. Alimtuma mlinzi, kijana ambaye nadhani alimwogopa Mama Zaina kuliko alivyomwogopa mkuu.

"Mama, shefu anasema moto ya kambi njo ya watu ya kambi."

"Anasema nini tena?"

"Anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na kama hausikii, bwana yako Papa Zaina atakosa nyumba."

"Jembe nitawapa wakisha kula. Muntu mwenye njaa atalima nini?"

Halafu akashika mbabula yake, lile jiko la bati, kwa vitambaa viwili, ikiwa inawaka na sufuria iko juu, akapenya nayo kwenye pengo la ua na kuitua hatua tatu nje ya kambi, mvuani. "Hapa si kambi. Shefu aje na kamba, apime." Mlinzi alicheka kabla hajakumbuka kazi yake. Sisi watoto tukashika bati juu ya moto, mikono ikituuma. Siku mbili alipika hapo peke yake. Siku ya tatu jirani yake alitokea na makaa ndani ya kitenge, akisema anapita tu na mzigo umemlemea. Mwingine akaleta sufuria aliyodai imemshinda kuisugua. Shefu hakuja kupima.

Siku ya tano tangu kibuyu kile cha kwanza, Furaha alilia, na machozi yakatoka. Mama Zaina akayatazama. "Haya, huyu sasa amerudi kutusumbua." Mama yangu alikaa chini matopeni, akacheka mpaka akalia.

Wahenga husema tenda wema uende zako. Mama Zaina alibaki palepale. Sisi ndio tuliokwenda zetu treni ilipokuja, na hatukumwona tena.

Mwaka huu nilipita Kalemie. Mahali pa minyaa pana ukuta wa matofali, na watu bado wanasubiri juu ya mizigo yao, wakitazama simu. Nilimsimulia habari hii kijana aliyekaa karibu nami, akanihurumia. "Papa, uji hauleti treni." Ni kweli. Watu waliosoma kunizidi huniambia vilevile, kwamba wema wa mtu mmoja ni kutia chumvi ziwani, kwamba yanahitajika mambo makubwa. Nayataka pia hayo makubwa: reli itengenezwe, maji yasafishwe, wanaohusika waone haya. Lakini msimu ule hayakuwepo, na mtoto hakuwa na muda wa kuyangoja. Sitakubali yatumike kumdogosha mwanamke aliyekuwepo. Furaha anaishi mji wa Bendera leo, ana watoto wanne na sauti ya kutikisa bati, na sijaona mtu aliyemshinda kwa maneno. Anayesema sufuria ile haikuwa kitu, asiniambie mimi. Aende Bendera, amwambie yeye.