Hodi kwenye Mlango wa Abiria

Kila asubuhi, kabla hajashika msasa, fundi yule wa Misunkumilo hugonga mlango wa abiria wa gari lake kuukuu la mbio, akasema kwa sauti ya chini, "Hodi." Jirani yake Marselina, akikaanga maandazi uani, kwa miaka sasa amezoea kumwona akikwangua kutu, vidole vyekundu kama ile njia ya udongo ya Kasokola ambako gari hilo lilimzimikia akimkimbiza mkewe hospitali. Mama wa watu alikata roho kwenye kiti cha abiria, nyuma ya mlango ule ule.

Jana injini iliwaka. Marselina akapiga vigelegele, akaja mbio na unga mikononi.

"Hongera, shemeji! Haya, nizungushe mjini!" Akashika kitasa cha mlango wa abiria.

"Subiri, shemeji. Nimebisha hodi, bado hajajibu."

Fundi akaizima injini aliyoihangaikia miaka yote hiyo, apate kusikia vizuri.