Gramu Mia Moja za Unga

Mke wangu aliondoka asubuhi kwenda Mwamapalala kumuuguza mama yake. Aliniachia binti yetu wa miaka tisa na karatasi ya hospitali iliyobandikwa ukutani jikoni. Binti yetu ana kisukari, kile cha kuchomwa sindano kila siku. Karatasi ilisema kila mlo uwe na uzito gani, maana sindano inakwenda na chakula. Mchana aliandikiwa unga gramu mia moja.

Mke wangu hupima kwa bakuli la bati. Sikuliamini. Mimi ni fundi cherehani hapa Somanda, mkate wangu unatoka kwenye tepu ya kupimia, na kwangu namba ni namba. Nikanunua jagi la plastiki lenye mistari, nikajaza unga hadi mstari wa mia, nikasonga ugali. Niliuona mdogo, lakini nikajiambia sisi watu wazima tumezoea kushindilia.

Nikamchoma sindano yake kama karatasi ilivyosema, akala akamaliza, akapumzika, kisha akatoka kuruka kamba na wenzake. Nikarudi kwenye cherehani barazani. Muda ukapita, nikashtuka kwamba sauti yake siisikii. Nilimkuta amekaa chini, ameegemea ukuta, gauni limelowa jasho mgongoni, mikono inatetemeka. Akanitazama kama mgeni.

"Baba," akasema polepole, "mbona mko wawili?"

Tulifundishwa hospitali kwamba sukari ikishuka hivyo apewe maji ya sukari haraka, asisubiri. Nilikoroga, nikamwaga nusu sakafuni kwa haraka. Alipomeza nikamkumbatia, tukapanda bodaboda. Hospitali si mbali, lakini njia nzima nilikuwa namuuliza jina lake, jina la mama yake, jina la shule. Kila alipochelewa kujibu, nilirudia swali.

Muuguzi alimtoboa kidole akapima, akasema sukari imeanza kupanda. Aliniuliza amekula nini. Nikajibu bila wasiwasi kwamba amekula unga gramu mia. Akauliza nimeupima kwa mzani gani, nikamweleza habari ya jagi. Akanieleza.

"Baba, mistari ile ni ya maji. Unga ni mwepesi. Ukiujaza hadi mia, gramu mia hujazipata."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jioni waliporidhika naye wakaturuhusu. Nilichukua jagi nyumbani, nikaenda kwa mama jirani mwenye duka. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," nikamwomba aniwekee unga wa lile jagi kwenye mzani wake. Aliweka jagi tupu kwanza, akarudisha namba kwenye sifuri, kisha tukajaza hadi mstari wa mia. Mzani ulisoma hamsini na nane. Mchele, mstari uleule, ulisoma themanini na kitu. Nikajaribu maharage, nayo yakaja na namba yake. Nilisimama pale nikiogopa vyakula nilivyokula maisha yangu yote. Binti yangu nilikuwa nimempa sindano nzima na nusu ya chakula.

Nilifikiria kumficha mke wangu. Nikampigia. Nikamweleza yote, hata habari ya jagi.

"Lile bakuli nililipimia kwenye mzani wa hospitali," alisema. "Mara tatu. Muuguzi akaniwekea alama kwa ndani."

Nilikwenda kulitazama. Alama ilikuwapo, mkwaruzo mwembamba wa msumari, mahali ambapo jicho langu la fundi halikufika.

Sasa tuna mzani mdogo wa jikoni, na binti yetu anapima mwenyewe, anasoma namba kwa sauti. Anaendelea vizuri, anaenda shule. Mimi ndiye ambaye sijapona. Kila akimaliza kula chakula cha mchana nasogeza kiti karibu naye, nashona huku nikimtazama paji la uso kama lina jasho. Juzi aliniambia nimwache, anasoma. Nikasogea kidogo, si mbali.