Maombolezo ya Bibi Aliye Hai

Alfayo Ogada ni mwana wa Ogada, msimamizi wa wachuma chai aliyeheshimiwa kote Kericho, na mjukuu wa Adongo, mzee wa kanisa ambaye majirani kule ziwani walimwita awaamulie mipaka ya mashamba. Katika nyumba hiyo hajatoka mtu wa kuwapelekea wenzake msiba usiokuwapo.

Lakini asubuhi hii ya Jumatano, mwaka 1996, mwalimu huyu wa Kiingereza anasimama mbele ya kidato cha pili katika shule moja nje ya mji wa Bomet, chaki mkononi, asijue aanzie wapi. Wanafunzi wanasoma watatu watatu kwa kitabu kimoja. Dawati la mbele lina wawili tu. Chepkurui hayupo.

Wiki iliyopita aliwafundisha shairi la maombolezo. Kwao ziwani, anaeleza, marehemu huitwa kwa jina, husifiwa, na hata husutwa hadharani. Akamwagiza kila mmoja amwandikie ndugu aliyefariki.

Chepkurui alikwama. Nyumbani kwao majina ya waliokufa hayachezewi. Huitwa mtoto anapozaliwa, ili ijulikane nani amerudi. Basi, kwa adabu zake zote, akamchagua nyanya yake, Tapkigen, ambaye yu hai na hukamua ng'ombe kila siku.

"Nililisoma machozi yakanitoka," anasema Alfayo. "Sikuuliza kama huyo mama amekufa kweli. Nani huuliza jambo kama hilo?"

Ijumaa alimsimamisha msichana alisome mbele ya shule nzima. Wanafunzi wakapeleka habari majumbani. Jumapili, baada ya ibada, majirani walifika kwa Kipruto, baba yake Chepkurui, wakibeba sukari na maziwa, nyuso zimeinama. Aliyewafungulia lango ni marehemu mwenyewe. Akawauliza nani amekufa.

Jumatatu Kipruto aliingia ofisi ya walimu, kofia mkononi.

"Mwalimu, watu wananiuliza tunazika lini," alisema. "Mama yangu umemzika kwa Kiingereza, na yeye Kiingereza hajui. Huyu msichana atakaa nyumbani achume chai."

Tangu siku hiyo Alfayo haoni kosa lake liko wapi, wala hathubutu kusema hana kosa. Mwalimu mwenzake, Mellen, amemshauri aachane na mashairi, afundishe barua za kuomba kazi, kwa kuwa barua haijawahi kumwua mtu.

Kipindi kinapokwisha, anashika njia ya kwa Kipruto. Tapkigen anamkaribisha kwa kibuyu cha maziwa ya mursik, kisha anamtaka amweleze maneno ya mjukuu wake. Alfayo anayageuza kwa Kiswahili, ubeti kwa ubeti, sauti chini, tangu teke la ng'ombe lililomwua hadi kaburi kando ya barabara. Kipruto amesimama mlangoni, hageuki.

"Anasema nimelazwa karibu na barabara?" bibi anauliza.

"Ndiyo, kogo," anajibu mwalimu, akimwita nyanya kwa lugha ya mwenyeji.

"Hapo sitaki. Malori hayalali. Na ile ng'ombe haikunipiga teke, nilianguka mwenyewe."

"Mama, hayo si maneno ya kusema," Kipruto anaingilia.

"Wewe nyamaza. Siku yangu ikifika mtanisifu kwa uwongo, na mimi sitasikia. Huyu mjukuu wangu amenisifu nikiwa nasikia. Arudi shule akarekebishe hayo mawili."

Alfayo anabaki na kibuyu mkononi, asijue kama amesamehewa au amekaripiwa. Kipruto naye anamwita Chepkurui aanue sare yake kwenye kamba, akaipige pasi.

Njiani kurudi, mwalimu anasema hataacha mashairi. Muhula ujao kila mwanafunzi atakwenda kwanza kwa wazee wake kuuliza lipi laweza kusemwa, na kumhusu nani. Anatumaini hilo litatosha, hana hakika.

Nanyi vijana mliopewa kalamu, zingatieni: kabla hamjamweka mtu wenu kwenye karatasi, nendeni mkaketi mbele yake, mumwulize, na msiinuke mpaka amalize kusema.