Kinyozi wa Timu Mbili

Mtaani walimwita Mashine, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Alikuwa na chumba kimoja cha kunyolea kando ya barabara iendayo uwanjani. Ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho kilishaacha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, benchi la wateja, redio juu ya kabati, na chupa ya spiriti. Kichwa kilichopita mikononi mwake hakikutoka mlangoni bila kupanguswa spiriti, hata mwenye kichwa aruke vipi. "Wewe piga yowe tu," angekwambia, "sitaki kesho uje na mapele useme Mashine kanitia ugonjwa." Ndivyo alivyofundishwa kazi, na kwa hilo alikuwa haambiliki.

Sasa, mji ule ulikuwa na timu mbili, Stesheni na Sokoni. Zamani Stesheni ilikuwa timu ya wafanyakazi wa reli na Sokoni timu ya wachuuzi, basi, yakaishia hapo. Lakini binadamu haishiwi vituko. Kidogo kidogo, bila mtu kutangaza, Stesheni ikawa timu ya kabila la kina Mashine, na Sokoni ikawa timu ya kabila la mke wake. Ukisema wewe ni wa Sokoni, umeshataja na babu yako. Mpira unachezwa kwa miguu, jamani, babu anaingiaje hapo? Aliingia hivyo hivyo, na kila msimu akazidi kuingia.

Mashine mwenyewe hayo hayakumwumiza kichwa. Alikuwa ameoa upande wa pili na watoto wake wana damu zote mbili. Shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, fundi wa kuchomelea mageti, ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wakikutana hapo kibandani walitaniana mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza.

Na alama za timu ambazo vijana walichorwa kichwani, ni yeye aliyezibuni. Mteja mmoja wa Stesheni alitaka kitu cha kuwakoga wenzake, Mashine akamchora mistari miwili juu ya sikio la kushoto, kama reli. Watu wa Sokoni kuona vile wakashikwa na wivu. Wakaja nao kudai ya kwao, akawachora upinde juu ya sikio la kulia, kama mkono wa kikapu. Vinyozi wengine wakaiga. Ikafika mahali vijana wa mji mzima wanatembea na alama ya Mashine kichwani, reli huku, upinde kule, na mwenyewe amevimba kama chapa ni ya kiwandani kwake.

Jumamosi ya mechi benchi lilijaa tangu asubuhi. Reli na upinde walikaa wamebanana, wakirushiana maneno, wakichekana, wakiazimana kitana. Muuza viatu wa mtaa wa pili alichorwa upinde, na Mashine akaurudia mara mbili uwe safi kabisa. Muuza nyama wa jirani, ambaye kila mtu alimwita Bucha, akachorwa reli. Bucha alikuwa mtu wa watu. Msiba ukitokea mtaani, awe nani, nyama ilitoka kwake bure.

Halafu akaja shemeji, mkono mmoja umeshika miwani yake ya kuchomelea.

"Shemeji, leo nichore nionekane mpaka jukwaa la pili."

"Leo nakunyoa kipara kabisa," Mashine akamjibu. "Timu yenu inazikwa, mfiwa ananyolewa."

"Kipara hapana! Kipara mimi nasikia baridi!"

Benchi zima likacheka, maana kisa hicho kilikuwa kinajulikana. Alipokuwa mtoto walimnyoa kipara kwa sababu ya chawa, akalia wiki nzima, na usiku akalala na kofia ya dada yake. Dada mtu, yaani mke wa Mashine, hakuwahi kukaa penye watu watatu bila kulisimulia hilo. Tangu hapo yule bwana hakukubali tena wembe upite kichwa kizima, na nywele zake alizitunza utadhani bustani.

Mke wa Mashine alipoleta chakula cha mchana alimkuta mdogo wake anajitazama kwenye kioo, akamzaba kikofi cha kisogoni, upinde ukiwa bado unanuka spiriti.

"Baba Watoto," akamwambia mumewe, "mechi ikiisha uje naye nyumbani. Hawa watu nawajua, wakifungwa wanageuka wanyama. Usinijie peke yako."

"Nitakuja naye."

"Umeniahidi mbele ya watu."

"Mbele ya watu na mbele ya redio," Mashine akasema, na akacheka. Mkewe hakucheka.

Mechi ilipoanza kibanda kilibaki kitupu. Mashine alifagia nywele, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe akasikiliza mtangazaji. Ilikuwa sare, sare, sare mpaka dakika za mwisho, ndipo Sokoni wakafunga. Upande mmoja ukapiga kelele za furaha, upande wa pili ukapiga kelele kwamba mfungaji ameotea. Refa akaonyesha kati. Mtangazaji akaanza kusema juu ya chupa, akasema juu ya mawe, kisha akanyamaza, na redioni Mashine akasikia jukwaa zima la Stesheni likiimba, "Rudini kwenu! Rudini kwenu!" Kwao wapi? Watu wamezaliwa mtaa mmoja, wamechanjwa kliniki moja! Redio ikakatika, kisha ukapigwa muziki wa taarabu, kama vile hakuna kilichotokea.

Haikuchukua muda barabara ikajaa watu wanaokimbia. Mashine akasimama mlangoni. Aliona wanaokimbia, kisha akaona wanaokimbiza, na hao wa nyuma walikuwa na mistari miwili juu ya sikio la kushoto. Mbele yake kabisa walimkamata muuza viatu. Alikuwa ameshavua fulana ya timu, ameitupa, yuko kifua wazi, anasema yeye hakwenda hata uwanjani. Mmoja akamshika taya.

"Geuza kichwa!"

Wakakigeuza. Upinde ukaonekana, safi, umerudiwa mara mbili.

Mashine hakuwahi kuona mtu akipigwa kwa namna ile. Hapakuwa na kurushiana maneno wala kushikana mashati, ilikuwa kama watu wanaovunja ukuta. Kitu kimoja tu kilimzunguka kichwani: fulana inavuliwa, nywele hazivuliki. Ni mimi niliyewachora. Mungu wangu, ni mimi niliyewachora!

Aliteremsha pazia la mbele. Hapo hapo mlango wa nyuma ukagongwa. Kijana wa Sokoni akaingia roho juu juu, nyuma yake mwingine, nyuma yao wengine.

"Kinyozi, ninyoe! Ninyoe zote!"

Afadhali kazi kuliko kusimama, Mashine akawasha mashine. Alinyoa bila kitambaa shingoni, bila kuuliza, upinde baada ya upinde ukianguka sakafuni, kisha wembe, kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chupa ya spiriti, kama siku zote. Aliyemaliza alitokea nyuma akapotea kwenye vichochoro, mwingine akakaa. Na kwa kila kichwa kilichotoka, Mashine alijisikia kupumua kidogo. Alikuwa anafuta alichokichora. Alijiona anawaokoa watu, na nani angemwambia vinginevyo?

Shemeji aliingia wa mwisho kabisa, fulana imechanika, mdomo unatoka damu. Hakuwa na utani.

"Wanatazama vichwa, shemeji."

"Najua. Kaa."

Nywele zile nzuri zikashuka mabegani, zikashuka magotini. Shemeji alifumba macho mpaka mwisho, na spiriti ilipomgusa alijikunja kama mtoto. Halafu akajipapasa kichwa, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka.

"Umenifanya yai," akasema, na wote wawili wakacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Dada atakuua."

"Twende nyumbani akaniue."

Lakini mlango wa nyuma ulifunguliwa tena na mzee mmoja akamsukuma mwanawe ndani, mzee analia machozi waziwazi, "Baba, nisaidie huyu tu, nisaidie huyu." Mashine akamtazama shemeji, akamtazama mzee. Kumficha shemeji pale asingeweza, maana mtaa mzima ulijua alikooa, na wakianza kumtafuta wangeanzia hapo kibandani.

"Tangulia," akasema. "Pita nyuma ya duka la dawa. Namalizia huyu, nipo mgongoni kwako."

Shemeji akatoka. Mashine akamnyoa mtoto wa mzee upesi upesi, akampangusa, akamwachia. Alikuwa anatafuta funguo pazia la mbele lilipoinuliwa. Ni Bucha, na nyuma yake vijana wa reli. Aproni yake ilikuwa na damu, na kwa sekunde moja Mashine alijiambia ni ya nyama, mtu ametoka kazini. Halafu akaona na uso una damu.

"Usiogope, wewe ni wetu," Bucha akamwambia kwa upole, kama mtu aliyekuja kumpa pole. Akatazama sakafu iliyojaa nywele, akatikisa kichwa. "Kumbe ni hapa. Umeturahisishia kazi, ndugu yangu."

"Kazi gani?"

"Hivi vipara. Sasa nani ananyoa kipara jioni ya mechi kama si mtu anayeficha? Kichwa cheupe, uso mweusi, unamwona toka mbali. Na hata giza likiingia," Bucha akagusa pua yake, "spiriti. Unamnusa tu."

Vijana wakacheka. Mmoja akachukua chupa kutoka kwenye kabati, akaifungua, akainusa, akaguna kwa kuridhika. "Yenyewe," akasema.

Mashine hakusikia mengine. Aliwapita kama vile hawapo, akatoka nduki. Alikimbia nyuma ya duka la dawa akiita "Shemeji! Shemeji!" mpaka koo likauma. Vichochoroni alikutana na vichwa alivyovinyoa, kimoja kimeegemea ukuta kinalia, kingine kimelala chini na mtu amekifunika kwa gazeti. Shemeji alikuwa kwenye mfereji karibu na kona ya nyumbani. Alikuwa ameshavuka barabara ya mwisho. Geti la nyumba ya jirani, alilolichomelea mwenyewe mwezi uliopita, lilikuwa hatua chache mbele yake, limefungwa.

Alikuwa bado anapumua. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mboga alimwaga mboga zake chini akatoa mkokoteni, na wakamsukuma pamoja mpaka hospitali, Mashine akimwambia shemeji habari za kijinga, za mpira, za utani wao wa kila siku, usilale, usilale. Kufika mlangoni hakuwa anapumua tena. Walimlaza kwenye korido pamoja na wengine, maana vitanda vilikuwa vimejaa, na Mashine akakaa sakafuni kando yake.

Jua lilikuwa linazama mkewe alipofika. Alikuwa ameshasikia kwamba watu wameumizwa, ila hakuwa amesikia ni nani. Alipita korido nzima anainama mtu kwa mtu, akitafuta nywele za mdogo wake, na alipomfikia yule aliyekuwa kando ya mumewe, uso umevimba, kichwa cheupe, alimtupia jicho tu akaendelea. Kisha akamwona mumewe.

"Afadhali upo! Ndugu yangu yuko wapi? Umekuja naye?"

Mashine akageuka kumtazama aliyelala kando yake.

"Nakuuliza, Baba Watoto. Uliniahidi. Yuko wapi?"

Mashine akaweka mkono wake juu ya kifua cha yule aliyelala. Mkewe akatazama mkono, akatazama uso, akatazama ile miwani ya kuchomelea iliyochungulia kwenye mfuko wa suruali. Akapiga magoti taratibu. Hakulia. Alinyoosha vidole akagusa kile kipara, kisha akavileta puani, akavinusa, na miaka yote aliyoishi na kinyozi ikamwambia kila kitu.

"Nani kamnyoa?"

"Mimi," Mashine akasema. "Nilidhani..."

"Wewe."

"Mimi."

Alimtazama kama mtu aliyepotea nyumba akaingia kwa watu asiowajua. Halafu akavua mtandio wake, akaukunja vizuri, akaanza kumfunga mdogo wake kichwani, akiufikisha mpaka chini ya masikio. Mhudumu aliyepita akamwambia kwa huruma kwamba desturi ni kufunika uso.

"Uso uache," mke wa Mashine akasema. "Huyu anasikia baridi kichwani."