Majani Yasiyopanda Lori

Mwaka ule michezo ya sherehe ya wafanyakazi waliniachia mimi. Meneja wa kiwanda cha chai, ambako nilikuwa karani wa kumbukumbu na mtunzi wa riwaya saa ya chakula cha mchana, alisimama mlangoni mwa ofisi yetu akasema, "Wewe si ndiye hutunga mambo? Basi tutungie sherehe." Nilikubali kabla hajamaliza. Nikageuza karatasi ya riwaya na kuanza kuandika orodha ya michezo nyuma yake, na nakiri kwamba orodha ile ilinisisimua kuliko sura niliyokuwa nikihangaika nayo tangu asubuhi.

Mwaka uliotangulia walikuja wataalamu wawili kutoka Nairobi, na filimbi zao, na koni za rangi ya chungwa. Walitupanga wawili wawili, wakatuambia kwa Kiingereza tuanguke kinyumenyume ili wenzetu watudake, tujifunze kuaminiana. Hakuna aliyeanguka. Mpakiaji mmoja wa magunia, mwanamume mwenye mgongo mpana kama mlango, aligeuka akamtazama mhasibu mwembamba aliyepaswa kumdaka. "Mimi niko na watoto, boss," akasema, akaenda kuketi. Kisha tukaulizwa maswali ya chemshabongo, kwa Kiingereza vilevile, na upande wa ofisi ukashinda kama ulivyoshinda miaka yote.

Pande zilikuwa mbili. Sisi tulikuwa watu wa ofisi. Wenzetu walikuwa watu wa majani: makarani wanaozunguka na malori kwenye vituo vya huku juu ya Kapkatet, wakikagua na kupima majani mabichi ya wakulima, pamoja na wapakiaji wao. Ofisini tuliwaita watu wa matope, kwa ajili ya alama za gambuti walizoacha kwenye sakafu yetu. Tulilisema jina hilo tukicheka, na mimi niliamini ni mzaha tu, hadi siku nne kabla ya sherehe, karani mkuu wa majani aliponifuata stoo.

Alikuwa mama wa karibu miaka sitini, mfupi, mkakamavu, ambaye vijana wote walimwita kogo, yaani nyanya.

"Nimesikia ni wewe unapanga michezo," akasema.

"Ni mimi, kogo."

"Kuna Kiingereza?"

"Hakuna."

"Kuna kuanguka nyuma?"

"Hakuna kabisa."

Akausukuma mlango kidogo kwa kiwiko. "Sasa sikiza. Mwezi ujao nastaafu. Miaka yote hii watu wako wametushinda, na kila tukimaliza kushindwa wananiuliza kama matope yamekauka. Sitaki keki. Sitaki hotuba. Nataka tuwashinde mara moja tu, kabla sijatoka kwa hiyo geti."

"Lakini mimi ndiye refa, kogo. Siwezi kupendelea."

"Nani amesema upendelee? Weka mchezo wa mtu na miguu yake."

Usiku huo sikuandika riwaya. Kichwa kilikuwa kinawaka. Nilifuta chemshabongo, nikafuta kiti cha muziki, nikabakiza mitatu: viazi kwenye kijiko, kuvuta kamba, na wa mwisho nilioutunga mwenyewe, mbio za kikapu. Kila upande ungekuwa na rundo lake la majani ya chai kwenye turubai. Wachezaji watano, mmoja baada ya mwingine, wangechota kwa mikono miwili, wakimbie kutia kikapuni, hadi kijae. Wa tano angekibeba kikapu kilichojaa na kuvuka nacho kamba ya kumalizia. Niliuona kama mchezo usio na kasoro.

Siku yenyewe ilipambazuka angavu, vichaka vya chai vikimeremeta mpaka ukingo wa mlima, na watu wakaja na familia zao kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya kiwanda. Viazi kwenye kijiko, ofisi ikashinda. Tuna mikono iliyozoea kubeba vikombe. Kamba, lo! Wapakiaji waliivuta kama wanaanua nguo. Mhasibu wetu alisafiri kwa tumbo karibu hatua sita, akiwa bado ameishika, na mke wake akapiga kelele kutoka pembeni, "Achilia, baba, si ya nyumbani!"

Sare, moja kwa moja. Kogo akanipita akikaza kilemba, akanikonyeza. Moyo wangu ulidunda kana kwamba ni mimi niliyekuwa nastaafu.

Nikapuliza filimbi ya mbio za kikapu.

Watu wa ofisi walirukia rundo lao kama ng'ombe waliofunguliwa. Upande wa pili, kijana wa kwanza wa majani alifika kwenye turubai, akainama, akasimama tuli. Akaokota jani moja. Akalitazama. Akalitupa pembeni, akaokota jingine.

"Chota, wewe!" umati ukapiga kelele.

"Hii ni magumu!" akajibu, huku vidole vikichambua. "Nani amechuma hii?"

Kosa lilikuwa langu. Mimi, mtoto wa ofisi, nilikuwa nimewaomba vijana wawili wapunguze ua wa michai mbele ya jengo letu, ule usiochumwa na mtu, nikadhani jani ni jani. Lile rundo lilikuwa vijiti, majani mazee, na chipukizi chache zilizopotea njia. Watu wa majani hawakuweza. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi: walijua ni mchezo, walijua saa inakwenda, lakini mikono yao ilikataa. Kila mmoja alifika kwenye turubai akiwa na mbio na kupiga magoti akiwa na macho ya kazini. Majani mawili na chipukizi, kama kiwanda kinavyotaka, ndani. Mengine, nje. Hata kogo mwenyewe, mchezaji wao wa tano, alipofika kumalizia kikapu, alichambua huku akijilaani kwa Kikipsigis.

Wakati huo meneja, mchezaji wa tano wa ofisi, alikuwa ameshabeba kikapu kilichofurika vijiti, na alivuka kamba akiwa amebakiwa na muda wa kutupungia mkono.

Ofisi ikalipuka. "Matope yamekauka?" mtu akauliza. Nikainua bendera upande wetu, kwa sababu kanuni niliyoiandika ilisema wa kwanza kuvuka, basi.

Kogo akafika na kikapu chake, akakitua polepole. Hakunitazama mimi. Alienda kwenye kikapu cha meneja, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi. Akakunja kijiti kimoja. Shina changa lingekatika; hiki hakikuvunjika. Alikiinua juu, kila mtu akione, akasema kwa sauti ileile ambayo kila mkulima pale aliijua na kuiogopa:

"Haya hayapandi lori."

Kisha kicheko kikaanza kwa wake zetu, maana nusu ya sherehe ile ilikuwa watu wenye michai yao nyumbani, na kogo alikuwa amewarudishia majani mara zisizohesabika.

"Mama, ni mchezo," meneja akasema, huku anacheka.

"Ndiyo, mzee. Hata yako ya nyumbani nilirudisha, na haikuwa mchezo."

Hapo ndipo watu walipolala kwenye nyasi kwa kicheko. "Achambue!" wakaanza. "Achambue! Achambue!" Kwa sababu desturi ya kituoni ni hiyo: majani yakikataliwa, hapigi mtu kelele, mwenyewe anayamwaga kwenye turubai na kuyachambua mbele ya foleni yote. Meneja alikuwa ameihubiri kanuni hiyo katika kila mkutano wa wakulima. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akavua koti. Akapiga magoti.

Sijawahi kuona furaha ya namna ile mahali pa kazi. Akina mama walimzunguka wakamfundisha kwa maneno yake mwenyewe. "Mawili na chipukizi, mkubwa!" "Hilo ni zee, kama wewe!" Wahasibu wakajiunga, wapakiaji wakawaonyesha jinsi ya kukunja kijiti, na kwa robo saa sikuweza kujua nani ni wa upande gani. Nikaona nafasi yangu. Nikainua bendera, safari hii upande wa majani, nikatangaza kwamba ofisi imekataliwa na ushindi ni wao.

Kogo akaishusha bendera kwa mkono wake.

"Sitaki ushindi wa mezani," akasema. "Nilikuambia miguu. Gawanyeni hiyo safi kwa vikapu viwili, sawasawa. Mimi na yeye. Kutoka goli mpaka kamba."

"Kogo, ana miaka arobaini, na hucheza mpira kila Jumamosi," nikamnong'oneza.

"Mimi hubeba chai kila siku."

Wingu la alasiri lilikuwa limeshafika juu ya kiwanda. Tone la kwanza liliniangukia shingoni nilipopuliza filimbi. Meneja alikikumbatia kikapu kifuani akatoka kwa kasi, lakini hakuona mbele, alikimbia upande upande, akiuliza kila hatua, "Kamba iko wapi?" Kogo alikuwa amekitundika kikapu mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, mikono yote miwili huru, na gambuti zake ziligonga nyasi kwa mdundo mmoja, haraka, haraka, bila jani kudondoka. Katikati ya kiwanja walikuwa bega kwa bega. Nilisahau urefa. Nilikuwa nikikimbia kando yao, bendera mkononi, nikipiga kelele, "Kimbia, kogo! Kimbia!"

Alivuka kwanza. Kwa hatua mbili, labda tatu, na hakuna aliyebisha.

Tulimkimbilia ili tumbebe, lakini hakusimama; furaha ilikuwa bado inamkimbiza. Alipita kamba, akapita meza ya chakula, akapita malori yaliyoegeshwa, kikapu kikiruka mgongoni, mvua sasa ikimwagika kwa nguvu, na sisi sote nyuma yake, ofisi na majani, tumelowa, tunapiga kelele, hakuna hata mmoja aliyeweza kumfikia.